Yoga ya Mbabula

Foleni ya maji pale kijijini Misiera haianzi kwa salamu. Inaanza kwa ugomvi: nani aliacha dumu lake tangu jana ili kushika nafasi, nani amelisukuma la mwenzake kwa mguu. Doriane, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameshauzoea ugomvi huo. Kila alfajiri alisimama na madumu yake mawili ya manjano, akajibu kejeli kwa kejeli, akachota, akarudi nyumbani kwa Bibi Godeberthe, aliyemlea tangu walipotoka Burundi kuja Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda.

Zamani kazi hiyo aliifanya bibi mwenyewe, mpaka mgongo ukamkatalia. Kwa miaka miwili hakuweza kuinama na jembe kumaliza hata mstari mmoja wa maharage. Shamba lao dogo likaota nyasi, na majirani wakaanza kulitolea macho.

Aliyemwinua alikuwa Mukamana. Huyu alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, aliyeuza mandazi karibu na njia kuu. Kabla ya hapo alifanya kazi ya kufagia ukumbi mmoja wa mazoezi mjini Mbarara, na mwenye ukumbi, Kaudha, akamfundisha yoga mpaka naye akaweza kuwafundisha wengine. Kila Jumamosi asubuhi wanawake kumi na watatu walitandika makunia ndani ya stoo ya ushirika, wakalala chali, wakaegemeza miguu ukutani, au wakaweka kitenge kilichokunjwa chini ya magoti. Walikaa hivyo, wakihesabu pumzi. Mkao mmoja ulidumu muda wa mtu kumaliza muwa mzima. Baada ya miezi sita, Bibi Godeberthe aliweza kulima mistari minne kabla ya kukaa chini.

Doriane aliyaona hayo kwa macho yake. Hata hivyo aliona aibu. Sababu ilikuwa Audace, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, kijana wa darasa lake mwenye mdomo mrefu. Audace aliiita stoo ile wodi. Kila Jumamosi alisimama karibu na bomba akimuuliza Doriane kama bibi yake amelazwa tena, na kama daktari amesema ataruhusiwa lini. Foleni nzima ilicheka. Doriane alikuwa na jibu kwa kila tusi, isipokuwa hilo.

Mwishoni mwa Agosti bibi alikuwa na miadi ya macho katika hospitali ya Ruharo, Mbarara, na Doriane akamsindikiza. Mukamana alimpa kilo mbili za maharage ampelekee Kaudha, ambaye ukumbi wake haukuwa mbali na hospitali. Basi bibi alipokaa kwenye benchi kusubiri zamu yake, Doriane akabeba maharage akaenda.

Alipofika alisikia vishindo. Alichungulia dirishani. Vijana kama ishirini walikuwa wanainuka, wanainama, wanarusha miguu nyuma, wanajisukuma kwa mikono, wanainuka tena, bila kupumzika, jasho likidondoka kwenye mikeka yao ya mpira. Hakuna aliyelala. Doriane aliwaza sura ya Audace kama angeyaona haya.

Mwanamke mmoja mrefu, kichwa amekifunga kitambaa cha kijani, alikuja dirishani. Ndiye aliyekuwa Kaudha.

"Wewe mtoto, toka kwa dirisha," alisema. "Hapana vizuri kuangalia watu hivyo."

Doriane alimpa maharage, akasema yametoka kwa Mwalimu Mukamana. Kaudha alishukuru, lakini uso haukulegea. Doriane akamuuliza kama haya ndiyo yoga, na kama ni haya, ile ya kulala ya kule Nakivale ni kitu gani.

"Yote ni yoga," Kaudha akasema. "Lakini kila moja iko na mtu yake. Kaa hapo chini. Nikimaliza hawa, nitakueleza yote."

Doriane alikaa kwenye ngazi pamoja na Abdullah, mlinzi wa mlango, mtu aliyependa maongezi kuliko kazi. Abdullah alimwambia kwamba aliyoyaona ni madogo. Kuna nyingine ya joto. Watu wanajifungia katika chumba, wanakitia moto kama tanuri, wanafanya mazoezi humo mpaka jasho linatoka kama maji, na magonjwa yote yanatoka na jasho. Doriane alimuuliza kama ameiona. Abdullah alisema ameiona kwenye simu.

Kwa Doriane hiyo ilitosha. Hakumngoja Kaudha. Alirudi hospitali mbio, akiwa na dirisha moja na maneno ya mlinzi, akajihesabu kuwa mtaalamu.

Jumamosi iliyofuata aliingia katika stoo ya ushirika katikati ya mazoezi. Alisema, mbele ya wanawake wote waliolala, kwamba Mbarara ameiona yoga ya kweli, na kwamba watu wa kweli hawalali.

Mukamana alibaki amekaa. "Ulizungumza na Kaudha?"

Doriane alisema ndiyo.

"Alikueleza nini?"

Doriane alitazama ukuta.

"Ulichungulia dirishani, basi," Mukamana alisema. "Toka. Unakanyaga makunia ya watu."

Wanawake wawili walicheka. Bibi Godeberthe hakucheka. Alifumba macho kwa aibu. Doriane alitoka na hasira, na hasira ile ndiyo iliyomfanyia mipango.

Jumatano mchana mvua ya Septemba ilianza. Bibi alikuwa shambani akisafisha mahali pa kupanda. Doriane aliwaita wasichana watatu kwenye jiko la nyumbani kwao, kibanda cha udongo kilichoezekwa turubai. Mmoja alikuwa Latifah, rafiki yake, binti wa mwenye duka. Wa pili alikuwa jirani yao, Mukarukundo. Wa tatu alikuwa Diane, mtoto wa miaka kumi tu, ambaye hakualikwa ila aliwafuata, na hakuna aliyemrudisha.

Doriane aliwaambia kwamba watafanya yoga ya joto. Aliingiza mbabula, lile jiko dogo la makaa ambalo kila nyumba ya Nakivale inalo, akalijaza makaa mpaka juu. Kila mama kijijini huitoa nje mbabula kabla ya kufunga mlango, na kila mtoto amesikia sababu yake. Doriane aliisikia pia. Lakini alifikiri hatari ni moshi. Aliyapepea makaa mpaka yakawa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, ndipo akaona mambo yako salama. Kisha aliziba nyufa za ukuta kwa makunia na kuufunga mlango.

Walianza. Juu, chini, mguu nyuma, ruka. Doriane alihesabu kama sajini. Jasho lilitoka kweli, na wasichana wakafurahi. Baadaye kidogo Latifah alisema kichwa kinamgonga. Alitaka mlango ufunguliwe.

"Nenda wodini ukalale na mabibi," Doriane akamwambia.

Latifah alifungua mlango, akatoka, akaubamiza nyuma yake kwa hasira. Hatua chache nje alishika ukuta, akatapika kwenye mvua. Hapo ndipo Bibi Godeberthe, akirudi na jembe begani, alipomkuta. Latifah alionyesha jikoni kwa kidole, hakuweza kusema.

Bibi alitupa jembe. Alipofungua, joto lilimpiga usoni. Mukarukundo alikuwa amekaa sakafuni akiyumba. Doriane alikuwa amesimama akishika ukuta, miguu haimtii. Diane alikuwa amelala karibu na mbabula, na alipoitwa hakuitika. Bibi alimsukuma Mukarukundo nje, akamvuta Doriane kwa mkono, akarudi ndani, akamwinua Diane mikononi, akatoka naye mvuani. Alipomlaza chini, alisikia kitu kikimkata kiunoni. Hakuinuka tena kwa nguvu zake.

Diane alifumbua macho kwenye zahanati, baada ya kuwekewa hewa ya mtungi. Walimlaza huko mpaka kesho yake. Muuguzi alisema dakika kumi zaidi zingetosha kummaliza.

Alhamisi jioni mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano mbele ya nyumba yake. Mwenyekiti huyo alikuwa Melchior, baba yake Audace, mzee wa kanisa na mtu wa sheria. Tangu mwanzo hakuipenda yoga. Alikuwa akisema kwamba Mungu aliumba miguu ya kukanyagia ardhi, na anayeiegemeza ukutani ana lake jambo. Mama yake Diane, Mukandoli, alikuja na kiatu mkononi, na watu wawili walimshika asimfikie Doriane.

Melchior alimsimamisha Doriane katikati.

"Nani alikufundisha kufunga mlango na kuwasha mbabula ndani?"

Doriane aliona kiatu cha Mukandoli. Aliona Audace juu ya kisiki, akisubiri kucheka. Jibu la kweli lilikuwa fupi: hakuna mtu. Lakini jibu hilo lingemwacha peke yake katikati ya wale watu.

"Mwalimu Mukamana," alisema.

Mukamana alikuwa amesimama nyuma. Alisogea mbele polepole.

"Mtoto, hebu rudia."

Doriane aliangalia vidole vya miguu yake. Hakurudia, na hakukanusha. Baadhi ya wanawake wa Jumamosi walipaza sauti kwamba mbabula haijawahi kuingia kwenye stoo ile, lakini wenzao waliwazomea, wakasema labda watoto hufundishwa kwa siri. Mukandoli alimwita Mukamana mchawi. Melchior aliifunga stoo kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akamkataza Mukamana kumfundisha mtu yeyote kijijini.

Toka siku ile mandazi ya Mukamana yalirudi nyumbani kwenye beseni kama yalivyotoka. Mtu alimpakia tope mlangoni. Watu walipita mbele yake wakitema mate pembeni.

Na Bibi Godeberthe alilala. Hakuweza kukaa, hakuweza kugeuka bila kuuma meno. Mvua ilikuwa nzuri. Majirani walipanda mahindi na maharage, na shamba lao peke yake lilikaa wazi. Kila mtu pale alijua kwamba anayekosa kupanda wiki mbili za kwanza atakula kwa kuomba mpaka Januari. Doriane alijaribu kulima mwenyewe baada ya shule. Alimaliza mistari miwili, mikono ikatoka malengelenge.

Bibi hakuacha kuuliza juu ya Mukamana. Alisema hawezi kuamini. Alisema mwanamke yule hakuruhusu hata mshumaa katika stoo, sasa imekuwaje. Kila alipouliza, Doriane aliinuka kwenda kuangalia maji ya ugali ambayo hayakuwa na haja ya kuangaliwa.

Siku ya tano bibi alimwambia, "Nenda umwite Mukamana. Aje aniwekee miguu ile fasi yake. Maumivu ni mingi, mjukuu wangu."

Doriane alikwenda, kila hatua ikiwa nzito. Mukamana alikuwa anakwangua tope kavu mlangoni kwa kisu. Alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakuacha kukwangua.

"Nimekatazwa kumgusa mtu," alisema. "Aliyenikataza ni Melchior. Aliyemwambia Melchior, unamjua. Nenda kwake."

Kisha aliingia ndani, akafunga.

Melchior alikuwa anakula nje pamoja na mke wake na watoto wake. Audace alipomwona Doriane aliacha kutafuna, akatabasamu. Doriane alitamani kuomba waende pembeni. Aliona kwamba akisubiri wamalize kula, ataondoka tena bila kusema, kama alivyoondoka kwa Kaudha.

"Mzee, nilidanganya," alisema. "Mwalimu Mukamana hakunifundisha ile yoga. Nilichungulia dirishani Mbarara. Mambo ya moto niliambiwa na mlinzi wa mlango, na yeye aliyaona kwenye simu. Mbabula niliitia mwenyewe."

Melchior aliendelea kutafuna. Alinawa mikono. Hakumwambia asante, wala hakumwambia amefanya vizuri.

"Umesema uongo mbele ya watu mia," alisema. "Ukweli unauleta kwangu na mke wangu? Kesho, mahali pale pale."

Kesho yake Doriane alisimama tena katikati. Aliyasema yote, tangu kejeli za Audace na dirisha la Mbarara mpaka kufuli. Watu walimzomea. Mukandoli alisema mtoto wake nusura afe, na aliyefanya akamtwika mwenzake mzigo. Hakuna aliyemtetea. Hakukuwa na cha kutetea.

Melchior alimgeukia Mukamana, bado uso umekunjamana.

"Sasa wewe tueleze. Hapa mabibi wanalala. Mbarara wanaruka. Kwingine wanajifungia na joto. Hiyo yoga ni kitu gani hasa, kisichokuwa na sura moja?"

Mukamana alitoa simu, akampigia Kaudha, akaiinua juu ili kila mtu asikie. Sauti ya Kaudha ilitoka kali. Alisema yeye alimwambia mtoto yule angoje, lakini hakungoja. Kisha akaeleza: chumba cha joto ni kweli kipo katika miji mingine, lakini joto lake ni la umeme, hewa inaingia na kutoka, na mwalimu anaangalia kila mtu, tena mgonjwa au mtoto haingizwi ovyo.

"Makaa hapana," Kaudha alisema. "Makaa ndani ya nyumba imefungwa iko na sumu, haina moshi, haina harufu. Hata ukikaa tu bila yoga, inakuua."

Mukamana alikata simu. Aliwageukia wanawake, maana ndio aliotaka waelewe.

"Hapa nani anapika maharage na mboga za lengalenga kwa muda mmoja?" aliuliza. "Maharage yanataka moto mdogo, saa tatu. Ukiyakimbiza, yanakuwa mawe tumboni. Lengalenga ukiziacha saa tatu, zimekuwa uji. Vyote viwili ni chakula. Yoga yangu ni ya mgongo ulioumia: mkao mmoja, muda mrefu, mwili ulegee wenyewe. Ile ya vijana ni ya mwili mzima usio na jeraha: pumzi moja, tendo moja, inajenga nguvu. Sisemi moja ni kubwa kuliko nyingine. Ila ukimpa Godeberthe ya kuruka, utamvunja. Kaudha alinifundisha zote mbili. Kabla ya kumlaza mtu, mimi namuuliza anaumwa wapi. Huyu mtoto hakumuuliza mtu yeyote."

Melchior alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mkononi mwa Mukamana bila neno la kuomba radhi. Aliamua kwamba Doriane atalima shamba la bibi yake mpaka limalizike, na kwamba Audace, aliyewafanya watu waone haya kujitibu, atashika jembe la pili. Audace alifungua mdomo. Baba yake alimtazama, naye Audace akaufunga.

Walilima siku sita, hawasemezani. Siku ya saba walipanda, wiki mbili zikikaribia kwisha. Latifah alikuja kusaidia kutupa mbegu, ila alimwambia Doriane wazi kwamba urafiki wao bado haujarudi. Mukandoli alipita akamsalimia Audace peke yake, akampita Doriane kama hayupo.

Nyumbani, Mukamana alikuwa anakuja kila jioni kumwekea Bibi Godeberthe miguu juu ya gunia lililokunjwa. Siku bibi alipoweza kukaa, Doriane alimletea uji. Bibi hakuupokea mara moja.

"Kutojua si kosa," alimwambia. "Mimi hii yoga sikuijua mpaka uzeeni. Kosa lako la kwanza ni kwamba uliuliza swali zuri, ukakimbia kabla ya jibu, ukajitungia lako. Hilo lilitaka kumuua Diane. Kosa la pili ni kumvika mwenzako kosa lako. Hilo lilitaka kuniua mimi, maana aliyeweza kunitibu ulimfungia mlango. Usifundishe usichofundishwa. Na ukikosea, sema ni mimi, siku ile ile, hata kama kiatu kiko hewani." Kisha akaupokea uji.

Jumamosi stoo ilifunguliwa. Mukamana alimpa Doriane kazi yake: asimame mlangoni, na kila anayeingia amuulize anaumwa wapi, amwambie mwalimu, ndipo atandikiwe gunia. Wanawake walimjibu kwa mkato, wengine bila kumtazama. Doriane aliuliza tu.

Wa mwisho alikuwa Melchior. Alikuwa amevaa koti, akitembea kwa kuegemea fimbo, na alitaka kupita kana kwamba amekuja kukagua jengo.

Doriane alimzuia. "Shikamoo, mzee. Unaumwa wapi?"

Melchior alimtazama kwa ukali muda mrefu. Ndani, wanawake waliacha kuhesabu pumzi.

"Goti," alisema. "La kushoto."

Doriane alikwenda kumwambia mwalimu, akarudi, akamtandikia gunia karibu na ukuta.